Mikro ya Nyuma

Watu wa mji wa Baraka wana ulimi. Adolphine alipoipa kampuni yake ya muziki jina la Éditions Ndakala, hawakumwacha apumue. Ndakala ni wale samaki wadogo wa ziwani wanaoanikwa juani na kupimwa kwa bakuli, na kila aliyepita mbele ya kibao kipya aliingiza kichwa mlangoni kuuliza kama huo muziki nao unaliwa na ugali. Adolphine alicheka nao, kisha akawauzia kaseti. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la ndakala la marehemu baba yake na harufu ilikuwa bado imo ukutani. Sasa angekiitaje, Éditions Marashi?

Hizo zilikuwa enzi watu wanarudi kutoka kambi za Tanzania. Wengine walirudi na mabati, wengine na magodoro na watoto waliozaliwa huko. Adolphine alirudi na meza ndogo ya kuchanganyia sauti na mikro mbili za kunasia sauti zilizofungwa ndani ya kitenge. Kambini kwaya zilikuwa nyingi kuliko mabomba ya maji, na alijifunza kurekodi kwa kusimama nyuma ya fundi mmoja na kumtwanga maswali mpaka yule bwana akachoka akamwachia kiti.

Kwa hiyo Ndakala haikuwa na bosi Kinshasa wala mfadhili Bukavu. Ilikuwa na Adolphine. Aliuza kaseti, kaseti zikafa akauza CD, CD zikafa akaanza kujaza nyimbo kwenye kadi za simu: mtu anakuja na simu yake, anachagua anachotaka, anasubiri kidogo, anaondoka akitikisa kichwa. Kila wimbo ulianza na sauti ya Adolphine mwenyewe akitangaza, "Ndakala! Onja kwanza!" na watoto wa mtaani walimpigia kelele hiyohiyo kila alipokatiza sokoni na kapu lake. Alijifanya inamchosha. Kwa kweli siku wasipompigia kelele alirudi nyumbani amenuna.

Na sasa, kusema ukweli, kelele zilikuwa zimepungua. Kila kijana mwenye simu nzuri alikuwa amekuwa studio. Anajirekodi chumbani kwake, anawatumia rafiki zake, jioni wimbo uko Uvira, na hakuna aliyepitia kwa Adolphine hata kusalimia. Kaka yake, Bertin, muuza saruji, aliliona hilo kabla yake, au tuseme alilisema kabla yake. Chumba kilikuwa mali ya Bertin, baba aliacha maneno hivyo, na saruji ya Bertin ilikuwa inalala kwenye ghala la watu.

"Dada, mi sikatae muziki," alimwambia, amesimama mlangoni akiangalia dari kama mtu anayepima atapanga mifuko mingapi. "Lakini kila mutoto iko na studio mu mufuko ya patalo. Ile chambre iko nafanya nini sasa?"

"Unipe album moja tu, kaka. Kwaya ya Fizi iko nakuja."

"Moja. Na siku ya sortie, siku ya kuizindua, nitapanda Fizi mi mwenyewe, nione na macho. Kama bantu beko nasinzia, kesho yake saruji inaingia."

Watu wasisinzie, basi. Adolphine alimpa mkono kwa furaha kubwa, kisha Bertin alipoondoka akakaa juu ya sanduku la spika. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda. Alijua kushona, alijua kukaanga maandazi, na vyote viwili vilimtia usingizi. Album hii ikilala, Ndakala imezikwa chini ya mifuko ya saruji.

Kwaya Upendo wa Kale ilishuka kutoka Fizi asubuhi ndani ya lori, wameketi juu ya mabenchi yao ya kanisa. Ndiyo, walibeba mabenchi. Lori halina viti, na rais wa kwaya, Dieumerci, hakuwa mtu wa kuruhusu waimbaji wake wakae juu ya magunia kama mihogo. Dieumerci alifundisha hesabu na alipenda utaratibu hata kwenye namna ya kukohoa: akiinua kidole, kwaya nzima ilisafisha koo mara moja, halafu basi. Pamoja naye alikuja Mama Félicité, mshauri wa kwaya, mwanamke mnene, mpole, ambaye hakuwahi kupaza sauti na hakuwahi kushindwa katika mabishano.

Wote walivaa sare, kitenge cha buluu chenye ndege weupe, isipokuwa mwanamke mmoja aliyeshuka wa mwisho. Huyo alikuwa Divine. Alivaa kitenge chake cha kila siku na alitembea nyuma ya wengine akibeba chupa za maji.

"Uyu haimbe?" Adolphine akauliza.

"Iko chini ya nizamu," Dieumerci akajibu, na akageuza macho.

Adolphine alielewa, kwa sababu huko kwetu hakuna asiyeelewa. Ukikosea, kanisa linakuweka chini ya nizamu: unakaa benchi la nyuma kabisa mpaka siku watakayokurudisha. Huvai sare, husimami mbele ya watu, hushiki mikro. Kosa la Divine lilikuwa rumba. Alikwenda Lweba kwenye harusi ya dada yake, orkestra ikakosa mwimbaji, akapanda jukwaani akaimba wimbo wa mapenzi vizuri mno, na mtu akampiga video. Video ilifika Fizi kabla yake. Wazee wa kanisa waliitazama wote, wengine zaidi ya mara moja, kwa ajili ya uchunguzi. Wakampa nizamu mpaka Pasaka. Lakini Mama Félicité alisema nizamu haikuwekwa ili mtu aachwe peke yake nyumbani, ndiyo maana walikuja naye.

Sasa ona jinsi walivyofanya. Adolphine hakuwa na vyumba vya vioo kama studio za mijini. Alirekodi kwaya nzima kwa pamoja, mchana, betri zikinywa jua, chumbani mulemule. Mikro moja aliisimamisha mbele. Ya pili aliining'iniza nyuma kabisa, karibu na ukuta, na hiyo ndiyo ilikuwa siri ya Ndakala tangu kambini: alitaka kunasa namna chumba kinavyojibu, ule mwangwi mdogo unaofanya wimbo usikike kama umeimbwa na watu walio hai. Dieumerci naye aliingiza mabenchi na kuyapanga sawasawa na kanisani, kwa sababu kwaya yake isingeimba vizuri ikipangwa kihuni. Soprano huku, besi kule. Na benchi la nyuma, nyuma. Divine akaenda akaketi mahali pake bila kuambiwa, mikono juu ya magoti, na ile mikro ikining'inia kiganja kimoja juu ya kitambaa chake cha kichwa.

Hakuna aliyeshtuka. Dieumerci aliona mtu wa nizamu yuko mbali, kama sheria inavyotaka. Adolphine alikuwa amevaa vidude vyake vya masikioni, akiisikiliza mikro ya mbele, akisali pikipiki zipite kimya na mbuzi wa jirani azibwe mdomo. Waimbaji waliangalia kidole cha Dieumerci. Wakaimba mpaka jua likaegemea upande wa ziwa, wakapakia mabenchi yao, wakapanda kwao.

Kesho yake Adolphine akaketi mbele ya kompyuta na kikombe cha chai. Alianza na mikro ya mbele peke yake. Kwaya iliimba safi. Iliimba kama watu waliotumwa dukani wakakumbuka kila kitu. Kulikuwa na wimbo mmoja hasa, wa mtu aliyefika kwenye mto Mutambala akakuta umefurika: "Nilikuta mto umejaa, ukanishika mkono." Maneno mazuri, tuni nzuri, na Adolphine akajikuta anapiga mwayo. Akaogopa. Ikiwa yeye mwenyewe anapiga miayo, Fizi watafanyaje?

Akafungua mikro ya nyuma ili kuongeza chumba kidogo.

Hakikuja chumba. Kwenye neno "ukanishika" ilikuja sauti ya mwanamke, ya chini, karibu sana, inayoimba taratibu kama anayejiimbia wakati anachambua maharage. Haikujitutumua. Ilichelewa kidogo nyuma ya kwaya, ikageuka, ikavunjika kidogo mahali inapouma, kisha ikaikamata kwaya nzima kwa mkono na kuivusha. Adolphine akaacha chai. Alirudisha wimbo mwanzo, akausikiliza tena, machozi yakamtoka na akacheka kwa sababu alijua mara moja ni nani. Yule dada wa chupa za maji! Alikuwa anaimba kwa mazoea, midomo nusu imefungwa, bila kujua kwamba mahali walipomficha ndipo palipokuwa na sikio.

Bertin aliingia saa hiyo na futi ya kupimia. Ndiyo, alikuja kupima chumba, hakuwa na haya. Alifika katikati ya ukuta akasimama, futi ikajikunja yenyewe ikamgonga kidole.

"Ni nani uyu?"

"Ni mutu hana ruhusa ya kuimba."

"Hana ruhusa? Uyu?" Bertin akaketi juu ya sanduku la spika. "Toa iyo, Adolphine. Toa vile iko, naye ndani. Nani atajua?"

"Fizi yote itajua."

"Basi ijue album ikiisha kutoka!"

Na hapo Adolphine alishikwa na kishawishi, tusimpambe. Alitaka kuutoa wimbo hivyohivyo. Alitaka sana. Alikuwa na hasira na wale wazee na video yao, na alikuwa na hofu ya saruji. Angebonyeza mara moja tu, wimbo ungetua kwenye kila simu kutoka Kilembwe hadi ziwani, na Ndakala ingepona. Lakini kwaya hutoa sauti zake kwa mtu inayemwamini. Wakisema Adolphine aliingiza mtu kwa siri ndani ya wimbo wao, nani tena angeshuka na mabenchi? Na huyo Divine, aliyekaa kimya mahali alipowekwa, angeonekana aliiba nafasi. Wangemwongezea nizamu mpaka Pasaka nyingine. Adolphine akautengeneza wimbo wa mto mara mbili: mara moja na mikro ya nyuma, mara moja bila. Akatuma ujumbe Fizi waje kusikiliza.

Walikuja wawili, Dieumerci na Mama Félicité, juu ya pikipiki moja, vumbi mpaka kwenye kope. Adolphine akawapa maji, akawawekea kwanza ule usio na Divine.

"Ni muzuri," akasema Dieumerci ulipoisha. Alisema kwa sauti ya mtu anayesifu chumvi.

"Ni muzuri," akasema Mama Félicité, akifuta vumbi.

"Iko ingine," akasema Adolphine. "Mbele ya kusikia, nawaambia: sikuitafuta, naye hakuitafuta. Mikro ilikuwa pale nyuma. Mutasema ninyi."

Akawasha. Sauti ilipofika kwenye "ukanishika", Dieumerci aliinua kidole, labda ili asimamishe, lakini kidole kilibaki hewani na hakikujua kazi yake. Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Akavua miwani na kuifuta, na ilikuwa safi.

"Futa iyo," akasema.

"Président," Mama Félicité akasema polepole.

"Mama, iko chini ya nizamu! Hakuna kushika mikro!"

"Alishika?"

"Hapana. Mikro njo..." Dieumerci akatafuta neno. "Mikro njo ilimukuta."

"Alisimama mbele ya bantu?"

"Alikuwa nyuma."

"Alivaa uniforme?"

"Hapana."

Mama Félicité akanywa maji yake yote kabla ya kuendelea. Adolphine alitamani kumpokonya kile kikombe. "Siku ya Mungu, kule kanisa," akasema mama, "mutu wa nizamu anaimbaka, ao tunamufungaka kinywa?"

"Anaimbaka. Na mukutano, kanisa yote. Ile ni haki ya kila mutu."

"Basi uyu ni mukutano."

"Mama! Mukutano ya mutu moja?"

"We njo mwalimu wa hesabu. Uniambie: mukutano inaanzaka ku bantu wangapi?"

Dieumerci aliinuka. Alizunguka chumba. Alikuwa mtu mwenye haki, na sheria ilikuwa imesimama mbele yake bila mkunjo hata mmoja. Tena kulikuwa na jambo jingine lililomkaa kooni, na baada ya kuzunguka mara kadhaa alilitoa. "Tangu atoke mu kwaya, mi silale muzuri," alisema. "Napiga répétition ya nyimbo, nasikia kama nyumba haina mulango." Kisha akamgeukia Adolphine kwa ukali, kama yeye ndiye aliyemwona akilainika. "Andika: Kwaya Upendo wa Kale, pamoja na mukutano. Hakuna jina ya mutu. Na urudilie kwanza, nihakikishe."

Alihakikisha mpaka betri zikaanza kulalamika.

Wimbo ukatoka. "Ndakala! Onja kwanza!" na mto ukafurika kwenye simu zote. Waliuimba wanawake waliokuwa wanaanika ndakala, waliuweka vinyozi, na mtu aliyetoka Minembwe na ng'ombe alisema huko juu wachungaji wanao, ingawa maneno mengine wanayapindisha. Bertin hakukubali kushawishika. Watu wanarushiana wimbo kwa simu, alisema, hiyo si biashara bali ni mafua. Yeye anasubiri sortie. Wimbo unaopendwa sikioni ni kitu kimoja, na watu kuamka, kuvaa na kuja kukaa mbele ya kwaya ni kitu kingine.

Siku ya sortie, kanisa la Fizi lilijaa mpaka madirishani. Adolphine na Bertin walichelewa kwa sababu pikipiki ilipasuka gurudumu, na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa benchi la nyuma kabisa, pembeni ya Divine. Divine akasogea, akawapa nafasi. Alikuwa amesuka upya. Kitenge kilikuwa kilekile cha kila siku.

Kwaya ikapita kwenye album yote na watu wakapiga makofi ya heshima. Bertin akaanza kuangalia dari la kanisa, na Adolphine alijua anaona mifuko. Kisha likaja gitaa la ule wimbo wa mto, na kanisa zima likainua shingo.

Hapo ndipo Adolphine alipotambua balaa. Studioni ilikuwepo mikro. Hapa hakuna kitu juu ya benchi hili isipokuwa popo. Hata Divine aimbe kwa haki yake yote ya mkutano, nani mbele atasikia? Mahali pale pa "ukanishika" patakuja patupu, watu watasema huu si wimbo tunaoujua, Bertin atapiga mwayo, basi. Alimwona Dieumerci, mgongo umeelekea watu, mabega yamepanda hadi masikioni, naye anaogopa hilohilo. Adolphine akamshika Divine mkono. "Nguvu yote, mama," akamnong'oneza. "Nguvu yote."

Divine akavuta pumzi.

"Nilikuta mto umejaa," ikaimba kwaya. Na kabla Divine hajafungua mdomo, kanisa likaingia.

Kanisa lote. Kwenye simu zao kulikuwa kumeandikwa "pamoja na mukutano", na wao ndio mkutano, kwa hiyo walikuwa wamejifunza sehemu yao. Bibi wa mbele waliijua, wanaume wa madirishani waliijua, watoto waliijua kuliko wote. Walichelewa kidogo nyuma ya kwaya kama alivyochelewa yeye, wakageuka alipogeuka, na walipofika mahali pale panapouma wakavunjika sauti palepale, mamia ya watu, kila mmoja akidhani anaimba lililo lake. Dieumerci aligeuka kuwatazama. Akasahau kwaya yake kabisa, akaanza kuwaongoza wao, kidole juu, miwani imejaa ukungu.

Bertin alikuwa amesimama. Aliimba macho yamefumbwa, nje ya tuni kabisa, kwa sauti ya mtu anayeita wapakiaji. Katikati ya ubeti akainamia sikio la dada yake.

"Saruji itatafuta kwake," akasema, na akarudi kwenye wimbo kabla haujamwacha.

Adolphine alitaka kurukaruka. Akageuka amkumbatie Divine, akamkuta ameketi kimya, peke yake ndani ya kanisa lote, kiganja kimoja mdomoni, mashavu yameloa.

"We mama, mbona hauimbe?"

"Ngoja kwanza," Divine akasema. "Siku zote mi njo naimbiaka bantu. Leo beko naniimbia mi."